Shirikisho likiondokewa na chama kilicholishika: nani apigiwe kura kwanza?

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Kila mjadala wa majimbo ninaoufuatilia huishia kwenye swali lilelile: shirikisho linaunganisha nchi au linaipasua? Tunavutana siku tatu, kila mmoja na mfano wake, halafu uzi unalala. Naona tunakwama kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Hispania ilitoka kwenye udikteta wa Franco, ikaipa mikoa yake madaraka makubwa, na ipo mpaka leo. Yugoslavia ilikuwa na jamhuri sita na katiba ya shirikisho iliyoandikwa kwa kina sana, lakini tangu chama tawala kipasuke Januari 1990 haikupita hata miaka miwili, nchi ikawa vitani. Zote mbili zilikuwa na lugha kadhaa ndani ya mpaka mmoja, na zote mbili zilikuwa na wazee wanaokumbuka ndugu walivyouana. Muundo peke yake hauelezi kwa nini moja ilipona na nyingine haikupona.

Ninachokiamini baada ya kulisoma jambo hili kwa muda mrefu ni hiki: nchi ya shirikisho inapotoka kwenye mkono wa chuma kwenda kwenye kura, usianze kwa kuuliza nani kapewa madaraka gani. Anza na kitu kilichokuwa kikiishikilia nchi hapo kabla. Kimeondoka lini? Na kilipoondoka, mwananchi aliitwa kupiga kura ipi kwanza?

Nianze na Umoja wa Kisovieti, maana pale jambo linaonekana wazi kuliko pengine pote. Katiba yao ya mwaka 1977, ibara ya 72, ilisema kila jamhuri ya muungano ina haki ya kujitoa kwa hiari yake. Jamhuri zilikuwa 15. Kila moja ilikuwa na bunge, baraza la mawaziri na bendera. Na hakuna mtu Moscow aliyepoteza usingizi kwa sababu ya ibara ya 72, kwa kuwa ibara ya 6 ya katiba hiyohiyo ilikiweka Chama cha Kikomunisti juu ya kila kitu. Hiyo ibara ya 6 ndiyo ilikuwa katiba ya kweli. Waziri mkuu wa jamhuri alikuwa na ofisi, lakini simu iliyoamua mambo ilipigwa kutoka chamani.

Machi 1990 ibara ya 6 ikabadilishwa, chama kikapoteza ukiritimba wake. Ibara ya 72 ikabaki palepale ilipokuwa. Yale mabunge yaliyojengwa kama pambo yakajikuta yana wabunge waliochaguliwa kwenye ushindani, yana bajeti, yana mipaka iliyochorwa tayari na yana ruhusa ya kikatiba ya kuondoka. Juni 12, 1990 Urusi yenyewe, jamhuri kubwa kuliko zote, ikatangaza mamlaka yake ndani ya muungano. Hakuna aliyelazimika kuunda dola mpya. Zilikuwepo miaka yote, zikisubiri mwenye nyumba atoke.

Sasa angalia kura. Gorbachev aliupata urais wa muungano Machi 1990 kwa kura za wajumbe wa Baraza la Manaibu wa Watu. Hakuwahi kusimama mbele ya wapiga kura wa nchi nzima. Yeltsin alichaguliwa rais wa Urusi Juni 1991 na wananchi wake moja kwa moja. Miezi miwili baadaye, Agosti 19, vifaru vikaingia Moscow, Gorbachev akiwa amezuiwa kwenye nyumba ya mapumziko Crimea. Aliyetoka nje, akapanda juu ya kifaru na kusoma tamko la kuyapinga mapinduzi, alikuwa Yeltsin. Mapinduzi yaliposhindwa, wa kuyashinda alikuwa rais wa jamhuri, na rais wa muungano akarudi mji mkuu akiwa mgeni wa mtu aliyemuokoa. Desemba mwaka huohuo muungano ukaisha.

Yugoslavia ilikwenda njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Mwaka 1990 kila jamhuri ilifanya uchaguzi wake, kuanzia Slovenia na Kroatia mwezi Aprili hadi Serbia na Montenegro mwezi Desemba. Uchaguzi wa shirikisho zima haukufanyika kabisa. Waziri mkuu wa shirikisho, Ante Marković, alianzisha chama cha kugombea nchi nzima Julai 1990, wakati Slovenia na Kroatia zilishapiga kura na matokeo yalishatangazwa. Mpiga kura wa Zagreb aliulizwa nani aiongoze Kroatia. Wa Belgrade aliulizwa nani aiongoze Serbia. Hakuna siku hata moja ambayo wote wawili waliulizwa nani awaongoze pamoja. Mwanasiasa aliyetaka kura mwaka ule hakuwa na sababu ya kumsemesha mtu wa ng'ambo ya pili ya mpaka wa jamhuri yake, na alikuwa na sababu nyingi za kumtisha.

Hispania ilifuata mpangilio tofauti. Franco alifariki Novemba 1975. Juni 1977 ulifanyika uchaguzi wa nchi nzima. Katiba ikapigiwa kura ya maoni Desemba 1978. Sheria za kuipa madaraka Catalonia na nchi ya Basque zikapitishwa na wananchi wa huko Oktoba 1979, na mabunge ya mikoa hiyo miwili yakachaguliwa Machi 1980. Yaani kufikia siku mkoa wa kwanza unachagua bunge lake, Wakatalani walishakaa kwenye bunge la Madrid karibu miaka mitatu, na mmoja wao, Miquel Roca, alikuwa kati ya watu saba walioiandika rasimu ya katiba. Serikali kuu ilikuwa na uhalali wake yenyewe kabla haijaanza kugawana na wengine.

Nimewaza pia juu ya neno "majimbo" lenyewe, maana kwa Kiswahili limebeba mzigo wa historia kuliko neno "shirikisho". Kenya ilipata uhuru 1963 ikiwa na katiba ya majimbo saba na seneti. Mwaka mmoja tu baadaye, ilipokuwa jamhuri, madaraka ya majimbo yalikuwa yameshavunjwa, na chama kilichoyatetea, KADU, kilikuwa kimejiunga na chama tawala. Mzee aliyeyaona hayo akisikia neno hili anasikia ugomvi wa zamani, na kijana anasikia mfumo wa utawala. Kwa hiyo tunapojibizana hapa, kila mmoja aseme anazungumzia lipi.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, andiko limeshiba, lakini naona umelirahisisha jambo. Hispania ilikuwa na mfalme aliyekubalika na jeshi, ilikuwa na mlango wa Ulaya mbele yake, na pamoja na hayo yote ETA, wapiganaji wa Kibasque waliotaka kujitenga, waliendelea kuua watu kwa miaka mingi baada ya katiba. Februari 1981 askari waliingia bungeni na bunduki. Huo mpangilio wa chaguzi unaousifia haukuzuia hilo.

Halafu Brazili unaiweka wapi? Walichagua magavana 1982, rais wakaja kumchagua kwa kura ya wananchi 1989. Miaka saba majimbo yametangulia. Mbona haikuvunjika?

Mleta uzi

Mkuu, umenibana mahali pazuri, na kwenye Hispania nakubali sehemu kubwa ya usemayo. Mpangilio wa kura haukuwaondoa ETA. Na Wabasque wengi hawakuikubali katiba ile: chama chao kikubwa, PNV, kiliwaita watu wasipige kura, na waliojitokeza huko walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa. Mpangilio ulisaidia jambo moja tu, lakini kubwa. Askari walipoingia bungeni Februari 23, 1981, waliowateka walikuwa wabunge wa nchi nzima, wa kushoto na wa kulia, wa Madrid na wa Barcelona, chini ya dari moja. Hakuna mkoa uliosema "hayo ni ya kwao".

Na kuna kitu cha Hispania ambacho sikukitaja, nacho kinanipinga kidogo. Oktoba 1977, kabla katiba haijaandikwa, Suárez, waziri mkuu wa Hispania, aliruhusu Josep Tarradellas arudi Barcelona kutoka uhamishoni Ufaransa. Tarradellas alikuwa mkuu wa serikali ya Catalonia iliyofutwa na Franco, na cheo hicho alikibeba uhamishoni miaka zaidi ya 20, bila nchi na bila bajeti. Alitoka kwenye roshani ya jumba la serikali akawaambia watu waliojaa uwanjani: "Raia wa Catalonia, tayari nipo hapa." Hakuwa na sheria ya madaraka wala bunge. Alikuwa na cheo cha muda tu. Lakini Wakatalani waliona kwamba wanaojadiliana nao wametambua kilichovunjwa. Kwa hiyo si kweli kwamba Hispania iliwaweka watu wa mikoa foleni hadi serikali kuu imalize kula. Uchaguzi wa nchi ulitangulia, na heshima haikungoja. Ukichukua la kwanza ukaacha la pili, hujaiga Hispania.

Brazili sasa. Kwanza, hakuna jimbo la Brazili lililokuwa na lugha yake wala chama kikubwa kinachotaka kutoka, kwa hiyo hatari ya kuvunjika haikuwa ile ya Yugoslavia. Lakini magavana kutangulia kuliigharimu nchi, na gharama hiyo ilionekana kwenye fedha. Fikiria hali ilivyokuwa: mwaka 1983 magavana wanaapishwa wakiwa na kura za wananchi, wakati rais ni jenerali. Mwaka 1985 utawala wa kiraia unarudi, lakini José Sarney anaingia ikulu bila kupigiwa kura na wananchi, baada ya Tancredo Neves kufariki kabla ya kuapishwa. Kwa miaka yote hiyo mwenye nguvu halisi alikuwa gavana. Katiba ya 1988 ikaandikwa nguvu ikiwa huko: mapato mengi yakapelekwa majimboni na manispaa, ila orodha ya majukumu haikuwafuata kwa kiwango hicho.

Majimbo yalikuwa na benki zao. Benki ya jimbo inalikopesha jimbo linaloimiliki, gavana analipa mishahara na kujenga barabara mwaka wa uchaguzi, deni linabaki kwenye vitabu vya benki, na benki ikielemewa inageukia benki kuu. Ya São Paulo, Banespa, ilifika mahali benki kuu ikaichukua mwisho wa 1994. Mwaka 1997 serikali kuu ikayabeba madeni ya majimbo na kuyapa miaka 30 ya kulipa. Januari 1999 Itamar Franco, gavana mpya wa Minas Gerais ambaye aliwahi kuwa rais wa nchi, akatangaza kusitisha malipo ya deni hilo. Mwezi huohuo sarafu ya nchi ikaporomoka. Hakuwa chanzo pekee, lakini wawekezaji waliokuwa na wasiwasi tayari hawakuhitaji kusukumwa zaidi. Mei 2000 ndipo ikaja sheria ya uwajibikaji wa fedha iliyoweka ukomo, ikiwemo kwamba mishahara isizidi asilimia 60 ya mapato ya jimbo. Kuanzia uchaguzi wa magavana hadi sheria hiyo ni miaka 18.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu, na nakushukuru. Mpangilio wa kura hauamui kama nchi itavunjika. Unaamua nani atakuwa na sauti siku sheria za kudumu zinaandikwa, na nani atalipia baadaye.

Mchangiaji wa 2

Mimi sioni tofauti kati ya majimbo na ukabila. Ethiopia walichora mipaka kwa kufuata lugha, wakaandika na haki ya kujitenga ndani ya katiba, na matokeo tumeyaona wote. Nchi inayojifunza demokrasia inahitaji serikali kuu yenye nguvu. Mambo ya majimbo yaje baadaye watu wakishazoea kura.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu yako naielewa na siidharau, maana waliokufa Ethiopia ni watu na si hoja. Lakini hilo la "serikali kuu kwanza, majimbo baadaye" limeshajaribiwa. Mei 24, 1966 Jenerali Aguiyi-Ironsi wa Nigeria alitangaza Amri namba 34 iliyoifuta mikoa na kuifanya nchi kuwa ya serikali moja, na kuunganisha utumishi wa umma. Alidhani ukabila unatokana na mikoa, hivyo ukiifuta mikoa umeufuta ukabila. Kabla mwezi haujaisha watu wa mashariki walikuwa wanauawa kwenye miji ya kaskazini. Kaskazini waliisoma amri ile kama njia ya watu wa kusini kuchukua kazi zote. Julai Ironsi mwenyewe aliuawa kwenye mapinduzi mengine, amri ikafutwa, na mwaka uliofuata vita vya Biafra vikaanza.

Walichokifanya Nigeria baadaye ndicho ningependa ukiangalie. Mikoa mikubwa mitatu ya mwaka 1960, kila mmoja na kabila kubwa moja lililoushika, ilikuwa imeongezeka kuwa minne 1963. Mei 1967 ikagawanywa kuwa majimbo 12, baadaye 19, na leo ni 36. Katiba ya 1979 ikaongeza sharti kwamba mgombea urais apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo, pamoja na kuongoza kwa jumla. Uchaguzi wa kwanza tu sharti hilo likafika mahakamani. Majimbo yalikuwa 19, na theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shehu Shagari alikuwa na robo kwenye majimbo 12, na kwenye la 13, Kano, alipungukiwa. Mpinzani wake, Obafemi Awolowo, akapinga. Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kwenye jimbo la 13 ihesabiwe theluthi mbili tu ya jimbo, na Shagari akaapishwa. Wapo wanaoisema hukumu ile hadi leo. Lakini ona walichokuwa wanagombania: nani ana kura za kutosha kwa watu wasio wa kwao. Ndicho kilichokosekana Yugoslavia.

Sisemi Nigeria imefika. Majimbo 36 mengi yake yanaishi kwa mgao wa mafuta unaotoka juu, na mkono mtupu haulambwi: gavana asiye na mapato yake hana cha kumwambia Abuja. Polisi ni wa serikali kuu, gavana anaitwa msimamizi mkuu wa usalama wa jimbo lake na hawezi kumwamuru kamishna. Na magavana nao walizikalia fedha za serikali za mitaa 774 kwa miaka, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Julai 2024 kwamba fedha hizo ziende moja kwa moja. Shirikisho linaweza kujaa udikteta mdogomdogo hata kama juu kuna kura.

Sasa Ethiopia. Wengi husimama kwenye ibara ya 39, ile ya haki ya kujitenga, na kusema ndiyo iliyoleta vita. Mimi nairudisha kwenye ibara ya 6 ya Kisovieti. Katiba ya 1995 iligawa madaraka kwa majimbo tisa, lakini karibu kila jimbo lilitawaliwa na chama kilicho ndani ya EPRDF, muungano wa vyama uliotawala nchi, au chama rafiki yake. Kwa zaidi ya miaka 20, ugomvi kati ya jimbo na serikali kuu ulimalizwa kwenye vikao vya chama. Vyombo vilivyoandikwa kuamua ugomvi huo havikupata mazoezi. Wa kutafsiri katiba hakuwa mahakama. Ni Baraza la Shirikisho, ambalo wajumbe wake wanatoka kwa makabila na mataifa kupitia majimbo yaleyale yaliyoshikwa na chama kilekile.

Desemba 2019 EPRDF ikavunjwa na kuunganishwa kuwa chama kimoja cha Prosperity. TPLF, chama kilichotawala jimbo la Tigray, kikakataa kuingia. Hapo jimbo moja likawa na chama kinachopingana na cha serikali kuu, na ndani ya miezi michache ukatokea ugomvi unaohitaji mwamuzi. Uchaguzi mkuu ulipangwa Agosti 2020, ukaahirishwa kwa sababu ya UVIKO. Juni, Baraza la Shirikisho likaongeza muda wa serikali zote. Tigray ikasema muda ukiisha umeisha, ikaendesha uchaguzi wake Septemba 9. Serikali kuu ikasema uchaguzi huo ni batili. Tigray nayo ikasema serikali kuu haina uhalali baada ya muda wake wa awali kupita. Kila upande ulikuwa na karatasi mkononi, na mwamuzi alikuwa mmoja wa wagombanao. Oktoba serikali kuu ikaamua kukata uhusiano na uongozi wa Tigray na kupeleka fedha ngazi za chini, na usiku wa kuamkia Novemba 4 vita vikaanza. Miaka miwili, hadi makubaliano ya Pretoria Novemba 2, 2022.

Ukiniuliza, ibara iliyokosekana pale ilikuwa moja tu: nani anaamua tarehe ya uchaguzi ikishindikana, na kwa nini jimbo la upinzani limwamini.

India ni nchi ambayo mwamuzi alipatikana, ingawa alichelewa sana. Ibara ya 356 ya katiba yao inairuhusu serikali kuu kuiweka serikali ya jimbo pembeni. Mwaka 1977 chama cha Janata kilipoingia madarakani kiliziondoa serikali tisa za majimbo zilizokuwa za Congress. Indira Gandhi wa Congress aliporudi 1980, naye akaziondoa tisa. Tangu katiba ianze kutumika mwaka 1950, ibara hiyo ilichezewa namna hiyo hadi 1994, Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu katika kesi ya Bommai: kama waziri mkuu wa jimbo ana wingi wa wabunge au hana, hilo lipimwe ndani ya bunge la jimbo na si kwenye ofisi ya gavana aliyeteuliwa na serikali kuu, na uamuzi wa kuiondoa serikali unaweza kuhojiwa mahakamani. Baada ya hapo matumizi ya ibara hiyo yalipungua sana. Mipaka ya majimbo ya India nayo ilichorwa upya kwa lugha mwaka 1956, ndugu yangu. Lugha ile ile unayoihofia.

Mchangiaji wa 3

Shikamooni wakubwa. Nimesoma tangu juu. Mnataja marais, magavana na majenerali, na mimi nimefundisha uraia miaka kadhaa, wanafunzi huniuliza swali ambalo silioni hapa: mtu wa chini kabisa, mama anayegombania mpaka wa shamba, mpito wa shirikisho unamfikiaje? Au anasubiri wakubwa wamalize?

Mleta uzi

Marahaba dada yangu, na swali lako limenifanya nifungue daftari la Nepal, ambalo nilikuwa nimeliacha kwa kuogopa uzi kuwa mrefu.

Nepal waliufuta ufalme Mei 2008, baada ya vita vya Wamao, waasi wa kikomunisti, vilivyoisha kwa makubaliano ya 2006. Bunge la katiba la kwanza lilikaa miaka minne likavunjika Mei 2012 bila katiba, na mfupa ulioshinda kumezwa ulikuwa huohuo: majimbo mangapi, yachorwe wapi, yaitweje. Bunge la pili likachaguliwa 2013. Aprili 2015 tetemeko likaua watu karibu 9,000, na vyama vikubwa vikafanya haraka. Katiba ikatangazwa Septemba 20, 2015, ikiwa na majimbo saba. Watu wa nyanda za kusini, Wamadhesi na Watharu, waliona mipaka imekatwa ili wawe wachache kila walipo. Zaidi ya watu 40 walikufa kwenye maandamano, kisha mpaka wa India ukazibwa kwa miezi. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba majimbo yalianza na namba badala ya majina, na jimbo namba 1 lilipata jina, Koshi, mwaka 2023.

Lakini angalia walivyopanga chaguzi mwaka 2017. Walianza na serikali za mitaa 753, kwa awamu tatu, Mei, Juni na Septemba. Jimbo namba 2, lile la Wamadhesi, liliwekwa awamu ya mwisho ili mazungumzo yapate nafasi. Kisha Novemba na Desemba, bunge la nchi na mabunge ya majimbo yakachaguliwa pamoja, kwa siku zilezile. Hapo ndipo nilipoona jibu ambalo sikulipata kwa Hispania wala Brazili. Ukianzia chini kabisa, hakuna anayetishika, kwa kuwa kitongoji hakiwezi kujitangazia uhuru. Na majimbo na nchi yakipigiwa kura siku moja, hakuna upande unaoweza kusema "sisi tuna wananchi, nyie hamna".

Na huyo mama wa shamba. Uchaguzi wa mitaa ulikuwa haujafanyika Nepal kwa miaka 20. Katika hiyo miaka yote ofisi za chini ziliendeshwa na watumishi wa kupangiwa. Sheria ya 2017 ikasema kila kata ichague mwenyekiti na wajumbe wanne, wawili kati yao wanawake, na mmoja wa hao wanawake awe Dalit, yaani wa tabaka lililobaguliwa kuliko yote. Chama kinachosimamisha wagombea wa nafasi mbili za juu za halmashauri, mkuu na naibu, lazima mmoja awe mwanamke. Karibu asilimia 41 ya waliochaguliwa walikuwa wanawake. Vyama vingi vikawaweka wanaume kwenye ukuu na wanawake kwenye unaibu, jambo lililowaumiza wengi, na hasira yao ilikuwa ya haki.

Ila katiba, ibara ya 217, ilikuwa imeweka kwenye kila halmashauri kamati ya usuluhishi ya watu watatu, na mratibu wake ni naibu. Kwa hiyo wale wanawake waliopewa nafasi ya pili ndio waliokabidhiwa kesi. Walianza kazi wengi wao bila mwanasheria na bila chumba cha kusikilizia, na watumishi wa serikali kuu walikuwa hawataki kuhama Kathmandu kwenda kuwasaidia. Kesi zenyewe zimeorodheshwa kwenye sheria: mpaka wa shamba, mfereji wa maji ya kumwagilia na zamu zake, mifugo iliyoharibu mazao, kibarua ambaye hakulipwa ujira wake. Mama anafika na jirani yake, wanakaa, naibu anawasikiliza, na asiporidhika anayo haki ya kwenda mahakama ya wilaya.